Tundu la Thelathini na Moja

Majira yale ya kuchipua ya mwaka 1930, msanii yeyote aliyesimama mbele ya mitambo ya televisheni kule London saa tano asubuhi alifika Coventry akiwa na mstari wa mwanga shavuni. Awe mwanamume au mwanamke, awe anaimba au anachekesha, mstari ulikuwa palepale: mwembamba kama uzi, umesimama wima, umepita kando ya sikio na kushuka hadi begani. Mwimbaji akigeuza kichwa, uso ulisogea na mstari ukabaki. Bwana Percival Tranter, mwenye karakana iliyotengeneza mashine za kupokelea picha hizo, aliuona siku ya kwanza akadhani ni kovu, akamhurumia mwenye nalo. Siku ya pili mwimbaji alikuwa mwingine, na huruma ikamwisha.

Kisha barua zikaanza kuja. Mwalimu mmoja wa Kidderminster, aliyeiweka mashine yake juu ya meza ya chakula na kuihamishia familia yake jikoni, aliandika kwa adabu kwamba haelewi. Kasisi wa Hull hakuwa na adabu kiasi hicho. Mashine ishirini na tatu zilikuwa zimetoka pale karakanani tangu Krismasi. Tisa zilikuwa na mstari, kumi na nne hazina. Tranter angeweza kuvumilia kosa lililokaa kila mahali. Hili lililochagua nyumba za kuingia lilimtia wazimu.

Alikuwa mtu mfupi, mwekundu wa shingo, aliyetengeneza taa za baiskeli kwa miaka ishirini na kuchoka nazo. Siku aliyoona kwa mara ya kwanza uso wa mtu ukitokea kwenye kijidirisha kisichozidi nusu ya kadi ya posta, mwekundu kama kaa la moto, umenyooka na kubanwa ubavuni, aliziacha taa za baiskeli bila kugeuka nyuma. Alipangisha karakana ya zamani ya mafundi saa mtaa wa Chapelfields, ghorofa mbili. Chini, nyuma ya pazia zito, ndipo mashine zilipojaribiwa. Juu, penye dirisha pana lililokuwa likiwamulikia mafundi saa, alikaa Bi Hester Oldknow.

Roho ya mashine ilikuwa sahani ya alumini, pana kama sinia, iliyotobolewa matundu thelathini madogo yaliyojipinda kuelekea ndani kama gamba la konokono. Nyuma yake ilikaa taa iliyong'aa na kufifia kama London ilivyoamuru. Sahani ikizungushwa kwa kasi na mota, kila tundu lilichora mstari wake mmoja wa picha, na mistari thelathini ikisimama bega kwa bega ikawa uso. Tundu moja likikosea mahali pake kwa unene wa unywele, uso ulipasuka. Kwa hiyo aliyeyapima matundu hayo ndiye aliyeibeba karakana nzima, na Hester alilijua hilo vizuri.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, hakuolewa, na mkono wake haukuwahi kutetemeka mbele ya chuma. Kwa miaka thelathini aligawa nyuso za saa kwa kuzichonga alama, dakika sitini kila uso, mpaka saa za Coventry zilipokosa wanunuzi na benchi moja baada ya jingine likafungwa. Wengine walikwenda viwanda vya magari kukaza skrubu. Hester alingoja kazi itakayomstahili, na Tranter alipopanda ngazi na mchoro wake wa konokono, akauliza kama binadamu anaweza kuyaweka matundu yale mahali pake kwa mkono, Hester aliutazama mchoro kwa muda, akamwambia kwamba kuhusu binadamu hajui, lakini yeye anaweza. Tranter alipenda kuwasimulia watu jibu hilo.

Lawama za mstari basi hazikupanda juu. Ziliangukia chini, kwa Clement Judd, mjaribu taa na mota, mwanamume mrefu mpole wa miaka arobaini aliyerudi kutoka vitani na sikio moja. Tranter aliamini taa zinavuja mwanga. Judd akabadilisha taa mara nne. Akabadilisha mota, akafuta lenzi, akafunga upya nyaya zote, akaziba kisanduku kwa kitambaa cheusi mpaka kikafanana na jeneza la paka. Mstari ukabaki. Tranter mwenyewe alichukua kioo cha kukuzia, akayahesabu matundu ya sahani ikiwa imelazwa mezani, akaona ni thelathini na yote safi, akairudisha kwa heshima.

Jumatano, saa ya chai, uvumilivu wake ulikwisha. Hester alikuwa kwenye ngazi na kikombe mkononi alipomsikia.

"Mwanga haujizai wenyewe, Judd. Unatoka kwenye taa, na taa ni zako."

"Semea sikio la kulia, Bwana Tranter. La kushoto nililiacha Ufaransa."

"Hata la kulia sidhani kama linafanya kazi. Sikiliza basi kwa hilo hilo. Nakupa mpaka Jumamosi. Mstari usipoondoka, utaondoka wewe."

Judd alikunja kitambaa chake cha kufutia taa mara mbili, akakiweka mfukoni, akarudi nyuma ya pazia. Alikuwa na watoto watatu na mama mkwe nyumbani, na mwaka ule foleni ya watu wasio na kazi ilianzia mlangoni mwa ofisi ya serikali na kuzunguka kona. Hester alirudi juu, na chai ikapoa bila kuguswa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo watu wa nje wangelishangaa. Hester hakuwahi kuziona picha zenyewe. Saa tano asubuhi ndiyo saa ambayo mwanga wa dirisha lake ulikuwa mzuri kuliko saa zote, na hakuona sababu ya kuutupa ili akakae gizani. Akiulizwa, alisema kazi yake ni matundu, yanayopita humo ni shauri la London. Ukweli ni kwamba alikuwa na kiburi kidogo, na kiburi hicho kilimtosha. Lakini Alhamisi ile alivua kioo chake cha jichoni, akajifuta mikono, akateremka. Alisema moyoni kwamba kama Judd ana kosa, jicho lake litaliona haraka kuliko la Tranter.

Judd alimpisha bila kuuliza. Sahani ilikuwa tayari inazunguka, ikivuma kama nyuki ndani ya chupa, na kwenye kijidirisha palikuwa na vipande vyekundu tu vikikimbilia upande mmoja. Judd aliugusa ukingo wa sahani kwa kidole gumba, akaipunguza kasi, akaiachia, akaigusa tena. Vile vipande vikasitasita, vikarudi, vikakamatana. Ghafla akasimama mwanamke.

Alikuwa anaimba, midomo imepakwa rangi nyeusi ili isipotee, nyusi kama mistari ya makaa. Kinywa kilifunguka na sauti ikatoka kwenye redio iliyokuwa rafuni, na viwili hivyo vilikuwa kitu kimoja. Hester alishika ukingo wa meza. Alikuwa ametengeneza kitu hiki kwa mwaka mzima bila kujua ametengeneza nini, na furaha ambayo hakuwa amejiandaa nayo ikamjaa. Kisha akauona mstari.

"Umepita wapi?" akauliza. "Kwenye tundu la nne?"

"Kati ya la nne na la tano," Judd akasema. Hakuwa hata anatazama.

Hester alipanda ngazi polepole. Kwenye rafu yake palikuwa na sahani iliyokwisha kukaguliwa, ikingoja kupelekwa kupakwa rangi nyeusi. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye dirisha. Mwanga ulipenya kwa matundu thelathini, moja baada ya jingine, kila moja mahali pake. Halafu, ndani kidogo ya tundu la kwanza, mahali ambapo katika kuzunguka hukutana na njia iliyo kati ya la nne na la tano, ulipenya kwa moja zaidi. Lilikuwa dogo, ncha ya sindano tu. Hakuhitaji kuuliza nani amelitoboa.

Kila fundi wa Chapelfields alikuwa na alama yake, nukta au mkwaruzo, aliyoiweka mahali ambapo mnunuzi hafiki, chini ya uso wa saa au ndani ya kasha. Waajiri hawakuzipenda alama hizo, kwa kuwa saa ilitoka kwa jina la mwajiri. Kwa hiyo ziliwekwa mwisho kabisa, kazi ikishakaguliwa, na hakuna fundi aliyemfichulia mwajiri alama ya mwenzake. Aliyethubutu alipita mtaani maisha yake yote bila kuamkiwa. Baba yake Hester, mgawaji wa nyuso kama yeye, alikuwa na nukta mbili. Siku kaka yake Wilfred alipotimiza miaka kumi na saba alipewa nukta hizo mbele ya mkate na bia. Mwaka mmoja baadaye akaenda kiwanda cha magari na hakuzitumia tena. Hester, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote wawili, hakupewa kitu. Basi alijipa mwenyewe nukta moja, ndani kidogo ya mgawo wa kwanza, na hakumwambia mtu.

Kwa miaka thelathini aliigonga nukta ile kwenye shaba, na shaba ilikuwa nene, ikaipokea na kuitunza. Alipohamia kwenye alumini mkono uligonga vilevile, kwa nguvu ileile. Hakuwahi kuinua sahani kwenye mwanga baada ya kuiwekea alama, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha kukaguliwa. Kwenye sahani nyingi rangi iliziba tundu lile. Kwenye tisa haikuziba.

Alikaa kwenye kiti chake, na kabla ya aibu kufika, furaha ilimpitia, na hakujidanganya kwamba haikumpitia. Nukta ambayo hakuna aliyewahi kuiona ilikuwa ikitembea kwenye mashavu ya waimbaji wa London mpaka Hull na Kidderminster, na watu walikuwa wakiiandikia barua. Kisha aibu ikaja, kubwa kuliko furaha. Alimfikiria Judd akikunja kile kitambaa. Alikumbuka pia kwamba Judd alikuwa amebadilisha kila kilichomo kwenye mashine isipokuwa sahani, na akaona kwamba ni kwa heshima aliyokuwa nayo kwa kazi yake yeye Hester, na hilo likamuuma zaidi.

Angeweza kunyamaza kwa njia rahisi. Angeziba nukta za sahani zilizokuwepo, mstari ungetoweka pale karakanani, Tranter angedhani Judd ameuponya, na mambo yangekwisha. Lakini sahani tisa zilikuwa tayari majumbani mwa watu, na barua zingeendelea kuja, na kila barua ingemwangukia Judd. Alilala usiku ule vizuri kuliko alivyotarajia. Alikuwa amekwisha kuamua kabla ya kuvua viatu.

Ijumaa, dakika chache kabla ya saa tano, aliwakuta wote wawili chini. Mkononi alikuwa na pini, mshumaa, na kipande cha lakiri nyeusi kilichobaki tangu alipofunga barua za msiba wa baba yake. Alimwomba Judd awashe mashine. London ikaja, safari hii mwanamume mnene mwenye tai, na mstari ukampita sikioni kama kawaida.

"Zima mota," Hester akasema.

Tranter aliuliza kwa sauti kama mtu ameruhusiwa kuzima mota kwenye karakana yake. Judd alikuwa amekwisha kuizima. Hester aliisubiri sahani itulie, akaipasha pini kwenye mshumaa, akachukua tone la lakiri dogo kuliko mbegu ya haradali, akaligusisha mahali alipopajua bila kutafuta. Alipuliza. Akarudi nyuma hatua moja na kumwambia Judd aendelee. Vipande vyekundu vilikimbia, vikasita, vikakamatana, na yule mwanamume mnene akasimama mbele yao na mashavu yake yote mawili mazima.

Judd akamwacha aimbe mpaka wimbo ukaisha.

"Ni alama yangu," Hester akasema. "Kila sahani iliyotoka hapa inayo. Niliigonga kama nilivyozoea kuigonga kwenye saa, na bati hili si shaba. Sikujua mpaka jana. Judd hana kosa, wala taa zake. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa hilo, lakini usiseme kwamba mkono wangu umekosea hesabu. Matundu thelathini yako sawa."

Shingo ya Tranter ilizidi wekundu.

"Thelathini na moja, Bi Oldknow," akasema.

Alizunguka chumba mara mbili. Alisema maneno machache juu ya watu wanaoandika majina yao kwenye mali ya wengine, mengi yakiwa ya kweli, na Hester aliyasikiliza yote akiwa amesimama wima. Lakini Tranter hakuwa mjinga. Alijua kwamba hapakuwa na mkono mwingine Coventry nzima, na pengine kwingineko, na alijua kwamba Hester anajua. Mwishowe alimtolea adhabu. Wanunuzi wote ishirini na watatu wataandikiwa barua kuelezwa kosa na jinsi ya kuliziba, na barua hizo zitatoka kwa jina lake yeye Hester, si kwa jina la karakana. Kama alikuwa na hamu ya kujulikana, basi ajulikane. Judd akaambiwa arudi kazini, na hiyo ndiyo radhi aliyoombwa.

Hester aliandika mchana kutwa kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Aliwaeleza mahali nukta ilipo, na ndani ya kila bahasha akaweka kipande cha lakiri. Chini ya kila barua akaandika: Hester Oldknow, mgawaji. Tranter alikusudia imchome, na barua mbili tatu za kwanza zilimchoma kweli. Kufika ya kumi alikuwa anaiandika herufi ya mwanzo ya jina lake kwa kuinyoosha mkia.

Jumamosi kazi ilikwisha saa sita mchana. Tranter alikwishaondoka na kofia yake. Hester alishuka na sahani mpya, haijapakwa rangi, akaiweka juu ya meza ya Judd. Judd alikuwa anaifuta taa kwa kile kitambaa chake.

"Nilitaka kukuomba radhi," Hester akasema, na akajiweka upande wa sikio lake zima. "Ulipata wiki mbaya kwa ajili yangu."

"Nimewahi kupata mbaya zaidi." Aliigeuza taa, akaikagua upande wa pili. "Niliiona nukta yako, Bi Hester. Jumanne ya wiki iliyopita. Nilihamisha sahani kwenye mashine nyingine na mstari ukaifuata, nikaiinua kwenye mlango wa nyuma, nikaiona."

Hester alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Jumanne. Kabla hajakuambia uondoke."

"Kabla."

"Na ukaendelea kubadilisha taa."

"Ilibidi nionekane nafanya kitu." Judd akaiweka taa chini. "Baba yangu alikuwa fundi makasha ya saa, mtaa wa Craven. Unajua mwenyewe jinsi tulivyolelewa."

Alijua. Alitazama mikono ya Judd, mirefu, iliyoungua hapa na pale, mikono ya mtu aliyekuwa tayari kwenda kusimama kwenye ile foleni inayozunguka kona.

"Una watoto watatu, Clement."

"Bado ninao. Niliwahesabu asubuhi."

"Na kama nisingeshuka?"

Judd aliipuliza taa vumbi ambalo halikuwepo. "Ulishuka," akasema.

Nje, kengele za kanisa zilikuwa zikipiga saa sita na nusu, na mtaani watu walikuwa wakirudi nyumbani kula. Hester aliivuta sahani karibu. Katikati yake, karibu na tundu la ekseli, mahali ambapo mwanga wa taa haufiki hata mashine izunguke mpaka kesho, palikuwa na nukta moja mpya, ndogo, isiyopenya. Alitoa sindano na nyundo ndogo kutoka mfuko wa aproni yake.

"Taa haina mahali pa kuweka alama," akasema. "Ya baba yako ilikuwaje?"

"Mkwaruzo mfupi. Kama mkia wa panya."

Aliigeuza sindano, akampa kwa upande wa mpini. Judd aliipokea, akaitazama, akautazama mlango kama mtu anayetegemea kumwona mwajiri. Halafu akainama juu ya meza, na Hester akamwekea kidole kumwonyesha mahali, kando kabisa ya nukta yake.

"Polepole," akamwambia. "Bati hili ni laini."